Hukumu ya Mbegu Ilikuwa Hukumu ya Jikoni

Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilifutilia mbali vifungu vya sheria vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kuuza, kubadilishana au hata kumgawia jirani mbegu zisizosajiliwa. Habari hiyo ilipelekwa moja kwa moja kwenye kurasa za kilimo. Ilijadiliwa kwa lugha ya mavuno na soko, kampuni za mbegu upande mmoja, na upande wa pili wakulima wadogo 15 waliofungua kesi hiyo 2022. Wanaharakati wakashangilia, wafanyabiashara wa mbegu wakanung'unika. Watu wa utamaduni, nikiwa na maana ya maofisa wa kaunti, makavazi, watafiti wa fasihi simulizi na sisi tunaozunguka vijijini na simu mkononi tukiwarekodi wazee wakipika, tulikaa kimya kana kwamba jambo lenyewe ni la nyumba ya jirani. Nadhani tulikosea. Kwa uhifadhi wa vyakula vya jadi, hukumu ile ina uzito kuliko tamasha lolote la chakula tulilowahi kuandaa, na kule kutoitambua kunaanika kasoro iliyo ndani ya kazi yetu wenyewe. Tumezoea kukihifadhi chakula kuanzia kwenye sufuria. Chakula huanza mbali kabla ya hapo, kwenye mbegu iliyotoka kwa fulani ikaja kwa fulani, na njia hiyo ya mkono kwa mkono ndiyo sheria ilikuwa imeiziba.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ni ya tangu 1972, na makali yake mengi yaliongezwa kwa marekebisho ya 2012. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kumkinga mkulima dhidi ya mbegu feki, na kuwapa wavumbuzi wa aina mpya haki ya jasho lao. Ila ilivyoandikwa, iliwavua kwa wavu mmoja tapeli anayepaka rangi mahindi ya kula na kuyafunga kwenye pakiti, na mama anayempelekea mkaza mwanawe kikombe cha mbegu za kunde. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni 1. Polisi hawakuwa wakivizia akina mama kwenye mipaka ya mashamba, hilo ni kweli. Lakini sheria haiumi kwa kukamata tu. Kikundi kilichotaka kufungua ghala la mbegu la kijiji, au kuandaa siku ya kubadilishana mbegu, au kuuza ziada sokoni, kilifanya hivyo kikijua kwamba siku ofisa mmoja atakapoamua, ana kifungu cha kusimamia. Na ofisa wa utamaduni wa kaunti, mtu wa serikali, hakuweza kusimama hadharani akawahimiza watu kufanya kitu ambacho serikali ileile inakiita kosa.

Kinachoshangaza ni kwamba Katiba ya 2010 ilikuwa imeshaligusa jambo hili, tena mahali ambapo wengi hawapatazamii. Kifungu cha 11 hakihusu kilimo wala biashara. Kinahusu utamaduni. Humo Bunge linaagizwa kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea ya kiasili, sifa zake za kijenetiki, na namna jamii za Kenya zinavyoitumia. Aya inayotangulia agizo hilo inazungumzia jamii kulipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni na urithi wao. Walioiandika Katiba waliweka mbegu na ngoma kwenye kapu moja, na sidhani kalamu iliwateleza. Sisi ndio tuliokuja baadaye tukaitoa mbegu kapuni na kuipeleka wizara nyingine.

Sasa tukumbuke tulichokuwa tukikisherehekea kwa wakati huohuo. Desemba 2021, UNESCO iliingiza kazi ya Kenya ya kukuza na kulinda vyakula vya kiasili katika Rejista ya Mbinu Bora za Uhifadhi wa urithi wa utamaduni usioshikika. Watu wengi huichanganya rejista hii na orodha ambamo, katika kikao hichohicho, Senegal iliingiza ceebu jën, wali wake wa samaki, na Haiti ikaingiza supu yake ya joumou. Rejista haisifu chakula. Inasifu namna ya kufanya kazi. Na kazi ya Kenya ilistahili. Tangu 2007 wanasayansi na vikundi vya kijamii walikuwa wameorodhesha takriban mimea 850 ya kiasili pamoja na majina yake ya kienyeji, na watoto wa shule za msingi, miongoni mwa Waisukha wa Kakamega na Wapokot wa Mashariki, walikuwa wametumwa kuuliza nyumbani kwao na kuandika walichoambiwa. Ethiopia na Burkina Faso zikaiga. Lakini ziweke tarehe hizo pamoja uone: marekebisho ya sheria ni ya 2012, sifa za UNESCO ni za 2021. Mwaka baada ya mwaka, kwa miaka tisa, mkono mmoja wa serikali uliandika jina la saga, mboga ya kienyeji, kwenye daftari na mkono wa pili ukamtishia aliyeikuza. Sijaona katika sherehe zote zile mtu aliyeuliza swali hilo. Nami sikuuliza.

Nina ushahidi wangu mdogo, na ni wa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi senje yangu, dada mkubwa wa baba, akipika mitoo, mboga ya majani ya kienyeji, iliyochanganywa na mrenda jikoni kwake, Magharibi mwa Kenya. Nina zaidi ya dakika arubaini za video. Umo moshi, umo mkono wake ukionja musherekha, maji ya majivu ya kulainishia mboga, kwa ncha ya kidole, na unamsikia akinikemea nisisimame mlangoni kwa kuwa naziba mwanga. Nilimuuliza kila nililodhani mtafiti huuliza. Kabla ya kuanza, alikuwa ameshusha fungu la mitoo lililokuwa likining'inia juu ya meko, akachomoa ganda moja kavu na kulitikisa karibu na sikio. Likalia kama kayamba. "Hizi zimekomaa, mwanangu," akasema. Mimi nikazima simu ili nisimalize betri, maana kwangu upishi ulikuwa bado. Senje alipofariki, tulitaka kukipika chakula kile siku ya kumkumbuka. Tukanunua mitoo sokoni, tukaifuata video hatua kwa hatua, tukapata kitu laini, kizuri, ambacho hakuna aliyekitambua. Ni jirani yake mmoja aliyetutegulia kitendawili: ile tuliyonunua ni mitoo isiyo chungu, na ya senje ilikuwa ile chungu, yenye majani membamba, ambayo mbegu zake alitoka nazo kwao alipoolewa. Wataalamu wa mimea wanazijua kama aina mbili tofauti kabisa, Crotalaria ochroleuca na Crotalaria brevidens. Katika maelezo ya video yangu niliandika neno moja tu: mitoo.

Kosa hilo halikuwa la uvivu. Lilitokana na umbo la kumbukumbu nililokuwa nimeazima bila kujua. Resipe, jinsi tunavyoisoma magazetini na kuiona kwenye simu, imezaliwa katika jiko ambamo kila kiungo kinapatikana dukani na kiungo cha leo hakina tofauti na cha jana. Inasema nyanya mbili, kitunguu kimoja, na inatosha. Ipeleke jiko la senje uone inavyokwama. Musherekha ni maji ya majivu: unachoma maganda makavu ya maharagwe, unayatia majivu kwenye chombo kilichotobolewa chini, unamimina maji taratibu, na yanayodondoka rangi ya chai ya rangi ndiyo hulainisha mboga na kupunguza uchungu. Ukiandika "nusu kikombe cha musherekha" hujaandika chochote, kwa sababu majivu ya maganda ya maharagwe na majivu ya maganda ya ndizi hayana makali sawa, na ndiyo maana mpishi huonja kwanza. Kwa hiyo musherekha unaturudisha shambani tena: nani bado anapanda maharagwe ya kutosha kubaki na maganda ya kuchoma? Na tukishaanza kuuliza ya shambani, tutaangukia pia yale ya mezani ambayo matamasha hupendelea kuyaruka. Kwa vizazi vingi, mwanamke wa Kiluhya alimnyonyoa kuku, akampika, na hakuruhusiwa kumla, huku imondo, yaani firigisi, ikiwa ya mwenye nyumba. Hilo nalo ni sehemu ya mila ya chakula. Anayehifadhi aliandike, hata kama halitapamba bango.

Nirudi kwa wanaoitetea sheria, maana hoja yao kuu ni nzito na wanaoshangilia hukumu wanaipita haraka mno. Mbegu hubeba magonjwa. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa kunyauka kwa mahindi uligunduliwa Bomet kwa mara ya kwanza nchini, na mbegu ni mojawapo ya njia zake za kuenea. Muhogo ni mbaya zaidi, kwa sababu hupandwa kwa vipande vya shina: jirani mwema anayekukatia vipando vyake anaweza kukukatia na virusi vya batobato na vya michirizi ya kahawia bila yeyote kati yenu kujua. Na mbegu feki zipo; aliyepanda ekari tatu akavuna magugu hahitaji kuhubiriwa uzuri wa mila. Kuwa na taasisi kama KEPHIS inayokagua mbegu si njama ya mabepari. Mwenye kusema kwamba kila kilichotoka kwa bibi ni salama hajawahi kupoteza shamba.

Lakini hoja hiyo ikipimwa vizuri inathibitisha jambo dogo kuliko lile sheria ilifanya. Inathibitisha kwamba mahindi ya biashara na vipando vya muhogo vinahitaji uangalizi mkali. Haithibitishi kwamba kikombe cha mbegu za mnavu kinahitaji leseni. Hatari ya zao moja si hatari ya jingine, na chombo cha kuikabili hatari ndogo ni mafunzo, siyo jela. Majirani zetu wa Tanzania wana utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora: wakulima waliofunzwa huzalisha mbegu, hukaguliwa kwa masharti mepesi kuliko ya mbegu zilizothibitishwa kikamilifu, na huziuza katika eneo lao. Hauna ukamilifu, na mboga za kienyeji si ndizo uliotungiwa kwanza. Unaonyesha tu kwamba kati ya kuacha kila kitu holela na kumfunga mtu miaka miwili kuna nafasi pana ya kutembea.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili kabisa, kwa watu ninaowaheshimu sana, na ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Wanasema: acheni kuandika. Kila mnachokiandika mnamwonyesha mwizi mlango. Wana sababu. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili jina "Kikoy" kama nembo yake huko Uingereza, na ikabidi watu wapambane kulinasua neno ambalo Pwani nzima inajifunga kiunoni. Kisa cha Ethiopia kinaumiza zaidi. Mwaka 2005 nchi hiyo ilitia saini mkataba na kampuni ya Uholanzi kuhusu teff, nafaka ya kuokea injera. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ikawa na hataza ya Ulaya, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, juu ya unga wa teff na namna ya kuuandaa. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya mahakama ya The Hague kuitangaza kuwa batili. Waethiopia walikuwa wamekula injera tangu enzi na enzi, na katika muda wote ule walikuwa wageni wa chakula chao katika soko la Ulaya.

Hata hivyo, ukifuatilia visa vya namna hii hadi mwisho wake unakutana na kinyume cha unachotarajia. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Njia ya kuiangusha ni kuonyesha kwamba kitu hicho kilikuwepo, na njia ya kuonyesha hivyo ni maandishi. India ilijifunza hilo kwa manjano: hataza iliyotolewa Marekani 1995 juu ya kutumia manjano kutibu vidonda ilifutwa 1997 baada ya Wahindi kuweka mezani maandishi ya kale yanayoeleza matumizi hayohayo. Mwaka 2001 wakaanza kujenga hazina ya kidijitali ya maarifa ya jadi, ambayo wakaguzi wa hataza wa nje huruhusiwa kuisoma kwa mkataba wa kutunza siri, ilhali kwa miaka mingi umma haukuruhusiwa kuingia. Kwa hiyo suala si kuandika au kutoandika. Ni nani ana ufunguo wa kabati. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, inayodai ridhaa ya jamii kabla ya kitu chao kutumiwa na kuzipa kaunti jukumu la kusajili. Ni sheria nzuri ambayo sisi warekodi tunaivunja karibu kila Jumamosi. Sikumwomba senje ridhaa ya aina yoyote. Nilikuwa mtoto wa nduguye, nilidhani inatosha.

Kuna hoja ya tatu, inayosemwa kwa kujiamini zaidi kuliko zote na iliyo dhaifu kuliko zote: kwamba mbegu zetu ziko salama tayari, kwa kuwa ziko benki. Benki ya Jeni iko Muguga tangu 1988, na nakala za mbegu kutoka nchi nyingi, yetu ikiwemo, zimelala kwenye barafu huko Svalbard, Norway, katika ghala lililofunguliwa 2008. Mimi si wa kuzibeza benki hizo. Vita vya Syria vilipowakatia watafiti njia ya kufika kwenye mkusanyiko wao mkubwa uliokuwa karibu na Aleppo, ni Svalbard walikokwenda 2015 kuchukua nakala na kuanza upya. Lakini benki ya mbegu ni kinga ya janga. Anayesema inatosha ni kama anayesema watoto wasifundishwe kusoma kwa kuwa vitabu vimo maktaba. Akiba haiozi, tunaambiwa. Ya mbegu huoza. Hata kwenye baridi kali uhai wake hupungua, na kila baada ya miaka lazima ipandwe na kuvunwa upya, kwa hiyo benki yenyewe huishi kwa kutegemea shamba. Iliyolala kwenye barafu haijifunzi ukame wa mwaka huu. Na ikitolewa kesho, kijibahasha kitasema mahali ilipochukuliwa, tarehe na jina la kisayansi. Hakitasema kwamba hii ndiyo chungu, kwamba huchanganywa na mrenda, kwamba hukomaa inapolia sikioni.

Kwamba mambo hayo yanaweza kuhifadhiwa pamoja, tumeshaonyeshwa. Kule Kyanika, Kitui, kikundi cha akina mama kilishirikiana na watafiti miaka ya mapema ya 2000 kukusanya vibuyu. Kibuyu katika Ukambani ni kata ya kunywea, ni chombo cha uji na maziwa, ni ala ya muziki, na kila umbo lina jina na kazi yake. Wale akina mama walikusanya mbegu za kila aina pamoja na jina lake, matumizi yake na masimulizi yake, wakazipanda tena, na aina zilizokuwa zimebaki kwenye boma moja au mawili zikarudi mashambani. Angalia walichofanya: kumbukumbu na mbegu vilikaa nyumba moja, na waliovikusanya ndio waliovitumia. Hawakuhitaji mtu wa kuwarudishia matokeo ya utafiti. Kwa kipimo cha bajeti za mikutano yetu ya utamaduni mahotelini, kazi ile ilikuwa ya senti.

Wengine watasema soko litafanya yote hayo bila sisi, na wana mfano wa kunitia adabu. Miaka thelathini iliyopita, mtu wa Nairobi aliyealika wageni na kuwapakulia managu, yaani mnavu, alionekana fukara au mshamba. Leo managu, terere, saga na kunde zimepangwa kwenye rafu za supamaketi, na hoteli za heshima huzitia krimu na kuziongezea bei. Soko limefanya kile ambacho hotuba zetu hazikufanya. Lakini tazama limefanyaje. Mnavu uliopanda rafuni zaidi ni ule wa majani mapana, unaovunwa mwingi na usio na uchungu mwingi, kwa sababu mteja wa mjini anataka jina la mboga ya nyanyake bila ladha yake. Aina ndogo chungu zimebaki kandokando ya mashamba. Simlaumu mchuuzi; anauza kinachonunuliwa. Nasema tu kwamba soko huhifadhi neno na kubadilisha kitu kilicho nyuma ya neno, taratibu, bila mtu kushtuka, hadi siku ya kumkumbuka senje.

Hapo lugha inaingia, na sisi waandishi wa Kiswahili tuna deni. Kiswahili sanifu kina mgagani kwa kile ambacho Wakenya wengi wanakiita saga, Waluo dek na Wakisii chinsaga, na kina mlenda kwa mrenda. Chini ya majina hayo kuna tabaka jingine la majina, ya aina ndani ya aina, ambayo hayamo katika kamusi yoyote na yanasemwa tu katika lugha za mama: ile ya majani membamba, ile ya shina jekundu, ile inayovumilia jua. Tafsiri ya haraka huyafuta yote. Nikiandika "mitoo" kwa Kiswahili chenye kueleweka kuanzia Busia hadi Voi, nimeeleweka na nimepoteza. Ningewashauri wanaoandaa kumbukumbu za namna hii waandike kwanza kwa lugha ya mpishi, neno kwa neno, hata kama atakayesoma ni wachache. Kiswahili kije juu yake kama mwongozo.

Basi hukumu ya Novemba imetuachia nini? Haijarudisha mbegu yoyote. Imeondoa kitisho, na kitisho kikiondoka anayebaki na kazi ni yule aliyekuwa na kisingizio. Kaunti zina idara za utamaduni na idara za kilimo, mara nyingi ghorofa moja, milango miwili, bajeti mbili. Maofisa wa utamaduni huandaa tamasha la chakula mara moja kwa mwaka, ambapo sufuria hupangwa mezani zikiwa na vibandiko vya majina. Hakuna anayekuja na mbegu. Sasa hakuna sheria inayozuia meza ya pili kuwekwa kando ya ile ya sufuria, akina mama wakaleta vikombe vyao na kubadilishana palepale, huku mtu wa kilimo akiwa karibu kueleza ni vipando vipi vya muhogo visihamishwe. Shule zinazofundisha sayansi ya nyumbani na kilimo katika mtaala mpya zinaweza kurudia kile watoto wa Isukha na Pokot walichofanya, safari hii mtoto akirudi na daftari na bahasha. Na Bunge bado lina lile agizo la Kifungu cha 11, ambalo mahakama haiwezi kulitekeleza kwa niaba yake: kumtoa mkulima kwenye orodha ya wahalifu ni jambo moja, kumtambua kuwa mmiliki ni jingine.

Kwa upande wetu sisi wenye simu na madaftari, mabadiliko ni madogo kiasi cha kutia haya. Fomu niliyokuwa nikiijaza wakati ule, ya mradi mmoja wa kurekodi vyakula, ilikuwa na safu za jina la chakula, viungo, namna ya kupika, na hafla kinapoliwa. Nimeitoa kabatini wiki hii. Karibu na ukingo wa kulia kuna nafasi tupu ya kutosha safu moja nyembamba zaidi, na kwa kalamu ya risasi nimeandika juu yake: mbegu ulipewa na nani, na wewe umempa nani.